Sahani ya Jirani Hupakuliwa Kwanza: Maswali ya Wasomaji wa Bagamoyo Kuhusu Chakula cha Krismasi

Barua za safari hii nyingi zimetoka Bagamoyo. Wanaouliza ni akina mama, vijana wa kwaya na viongozi wa jumuiya, na ukizisoma kwa pamoja utaona wote wana haja moja: Krismasi ipite nyumbani mwao ikiwa imewaachia imani, si shibe tu. Sisi tunaamini jambo hilo huanzia jikoni, tena kwenye mpangilio wa upakuaji. Kwa hiyo majibu yetu yana kilo na dakika pamoja na sura na mistari.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Ndugu zetu hukusanyika kwangu kila Krismasi, na mwaka huu tutafika kama ishirini. Tunakula, tunawasha muziki, siku imekwisha. Mzee wetu akianza kuhubiri mezani vijana wanashika simu na pilau inapoa. Nifanyeje ili Neno lipate nafasi? (Mama wa Nianjema)

JIBU: Amina, mama. Usiwalaumu vijana haraka. Mtu mwenye njaa ukimwekea sahani mbele yake kisha ukamzuia kula, kila neno analosikia linakuwa kikwazo kati yake na chakula. Kosa liko kwenye saa ya mahubiri. Neno lisomwe wakati hakuna awezaye kula hata akitaka, na wakati huo upo katika kila pilau: ni pale inapokuwa imepaliwa makaa na haitakiwi kufunguliwa. Hizo ni dakika 20 kamili.

Tuanze na sufuria. Mko 20, ongeza sehemu sita za majirani (tutazirudia). Kilo moja ya mchele hutosha watu wanane hadi tisa wakipata nyama na kachumbari, kwa hiyo andaa kilo 3 za mchele na kilo 3 za nyama ya ng'ombe yenye mifupa. Vitunguu maji kilo 1, viazi kilo moja na nusu, vitunguu saumu vichwa vitatu, tangawizi gramu 100, mafuta nusu lita. Viungo: binzari nyembamba vijiko vinne vya chakula, pilipili manga kijiko kimoja, iliki punje 20, karafuu 12, mdalasini vijiti vinne.

Chemsha nyama na chumvi pamoja na nusu ya saumu na tangawizi hadi ikaribie kuiva, na supu yake usiimwage. Kaanga vitunguu mpaka viwe kahawia iliyokolea. Rangi ya pilau hutoka hapo, si kwenye viungo, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: wakivitoa mapema pilau inakuwa nyeupe, wakivichelewesha vinaungua na uchungu wake haufichwi na kitu chochote. Vikiungua vitupe uanze upya, kabla hujapoteza kilo 3 za mchele kwa ajili ya kilo 1 ya vitunguu. Tia saumu na tangawizi iliyobaki, kisha viungo kwa dakika moja tu, halafu nyama na viazi. Pima supu, ongeza maji zifike lita 5 kwa mchele wa zamani, lita 4 na nusu kwa mchele mpya wa msimu. Ionje: iwe imezidi chumvi kidogo mdomoni, maana mchele utainywa. Ikichemka, mimina mchele ulioosha na kuuchuja.

Maji yakishuka hadi usawa wa mchele na vishimo vikianza kuonekana juu, geuza mara moja tu kutoka chini kwa mwiko. Ukigeuza mara tatu nne punje zinavunjika, unapata bokoboko. Funika, ondoa moto mwingi chini, weka makaa juu ya mfuniko. Mwenye jiko la gesi aweke kitambaa safi chini ya mfuniko, akunje ncha zake juu zisiguse moto, apunguze moto hadi mwisho.

Hapo mwite kila mtu mkekani. Someni Luka sura ya 2, wasomaji watatu: mstari wa 1 hadi 7, wa 8 hadi 14, wa 15 hadi 20. Zote tatu huchukua kama dakika nne. Wape vijana wenye simu, wasome humo humo kwenye simu zao. Kisha swali moja, si zaidi, kwa mfano: mwaka huu nani alitufungulia mlango tulipokosa pa kwenda? Waacheni wajibu wawili watatu. Wimbo mmoja. Mzee afunge kwa sala na baraka, na mjulishe siku mbili kabla kwamba hiyo ndiyo kazi yake, ili ajiandae kubariki badala ya kuhutubia. Mtakuwa mmetumia dakika 15, na pilau bado inamalizikia.

Watoto waambieni pia maneno mawili ambayo hawatayasahau wakiwa na sahani mkononi. Bethlehemu kwa Kiebrania maana yake ni nyumba ya mkate. Na hori alimolazwa Yesu ni chombo cha kulishia mifugo. Mtoto alilazwa mahali panapowekwa chakula.

Sasa fungueni sufuria. Zile sahani sita za majirani zipakuliwe kwanza, kabla ya sahani ya baba mwenye nyumba, kabla ya mgeni kutoka Dar es Salaam, na zipelekwe na watoto zikiwa bado zinatoa moshi. Wengi wetu hupeleka kilichobaki saa kumi jioni, ukoko na mfupa. Katika Nehemia 8:10 watu wanaambiwa waende wakale vinono na wampelekee sehemu yule asiyeandaliwa kitu. Sehemu si makombo. Mtoto aliyepeleka sahani kabla hajala amejifunza jambo ambalo hotuba ya saa nzima haimfundishi.

SWALI: Majirani zetu watatu ni Waislamu. Ramadhani wanatuletea futari, Idi wanatuletea pilau na kalimati. Krismasi naona haya kuwapelekea, nahofia watapokea kwa heshima kisha wasile. (Msomaji wa Magomeni)

JIBU: Hofu yako ni ya adabu, lakini dawa yake iko wazi. Kwa nyama, mnyama achinjwe na Mwislamu. Kama unanunua buchani, uliza nani kachinja. Katika miji yetu ya pwani jibu mara nyingi litakuwa zuri, ila uliza. Kama ni kuku wako au mbuzi wako, asubuhi ya tarehe 24 mwombe jirani huyo huyo aje akuchinjie. Hapo utakuwa umemwita kwenye sikukuu yako kabla ya sahani kumfikia. Kuku asitiwe maji ya moto kabla hajakata roho kabisa.

Sufuria, mwiko na visu viwe vile visivyogusa kitimoto wala pombe. Kama huna hakika na sufuria yako kubwa, azima kwa jirani. Kwenye keki usitie mvinyo, na vanila ya maji nayo mara nyingi huwa na kilevi. Tia iliki, tena inanukia vizuri zaidi. Samaki hana shida ya kuchinjwa, kwa hiyo ukibanwa, peleka changu wa kupaka au vitumbua.

Ukikabidhi, sema wazi: kuku huyu kachinjwa na fulani, sufuria ni ya fulani. Neno hilo linamwondolea mtu kazi ya kuuliza. Na tumia sahani yako nzuri yenye kawa juu, usitumie kontena la kutupa. Kwetu sahani haiendi ikarudi tupu. Ukipeleka kitu cha kutupa umekata safari ya kurudi.

Jambo moja tunalisema kwa mkazo. Chakula hiki si chambo. Usikiambatanishe na kipeperushi wala mwaliko wa mkutano wa injili. Atakayekua kiimani kwa sahani ile ni wewe na watoto wako, mnapojifunza kumpenda mtu bila sharti. Mtume Paulo katika Warumi 14 anakataza kumkwaza ndugu kwa ajili ya chakula, na sisi tunaona moyo wa neno hilo unamfikia jirani pia.

Mkialika Msabato, kumbukeni hali nguruwe, na katika vya baharini hali pweza, ngisi, kamba, kaa, papa wala taa, kwa kuwa anafuata Walawi 11: samaki awe na mapezi na magamba. Wengine hawali nyama kabisa. Kunde za nazi zitawatosha.

SWALI: Tunakwenda Misa ya mkesha, tunarudi usiku wa manane. Naweza kupika wali wa nazi na samaki jioni ya tarehe 24 tule mchana wa Krismasi? (Dada wa Dunda)

JIBU: Hapana, dada. Kwa joto la Desemba la huku pwani, chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa moja hadi mbili. Wali una hatari yake: kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemka, huamka wali unapopoa polepole ndani ya sufuria iliyofunikwa, na sumu wanayoacha haitoki hata ukipasha moto. Tui la nazi ndilo linalowahi kuchacha. Samaki kama jodari na kibua wakikaa juani kabla ya kupikwa huota sumu nyingine isiyotoka kwa moto, na mtu huwasha mwili na kuumwa kichwa baada ya kula. Ukienda soko la samaki nenda mapema, angalia macho yawe maangavu na matamvua mekundu, na beba barafu, kilo moja kwa kila kilo ya samaki.

Jioni ya tarehe 24 fanya hivi: chambua mchele, menya na kaanga vitunguu, saga viungo, osha vyombo, kuna nazi uziweke kwenye friza bila kukamua. Mwenye friji achemshe nyama ikaribie kuiva, aipoze haraka kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, kisha aihifadhi pamoja na supu yake. Asiye na friji anunue nyama asubuhi ya tarehe 25. Ukiwasha moto saa nne asubuhi, saa saba mnakula. Kachumbari ikatwe mwisho kabisa.

SWALI: Mkate wangu wa kumimina kila mara unatoka mzito, chini umeungua, katikati mbichi. Nataka watoto wauumege wakati wa sala, kama Mitume. (Msomaji wa Kaole)

JIBU: Loweka mchele nusu kilo kwa saa nane, usiku kucha ni vizuri. Ukilowekwa saa mbili tatu unga hubaki na chengachenga na mkate hukazana. Saga na tui zito la nazi mbili kubwa, kama nusu lita, ukiongeza kidogokidogo hadi uji uwe laini na uteleze, usiwe maji. Tia sukari gramu 200, iliki iliyosagwa, hamira kijiko kimoja cha chai. Tui liwe vuguvugu tu: ukiweza kutumbukiza kidole na kukiacha humo, ni sawa, la moto linaua hamira, na huenda hapo ndipo uzito wako unapoanzia. Funika dakika 45 hadi saa moja, liumuke. Likishaumuka ongeza ute wa yai moja uliopigwa, changanya taratibu mara chache. Usiliache liumuke likaanguka, halitapanda tena.

Sufuria ndogo ya upana wa kama sentimita 20, ipake mafuta, iwe ya moto kabla ya kumimina. Hapa ndipo kosa lako la pili lilipo: moto wa chini uwe makaa machache yaliyofifia, moto mkubwa ukae juu ya mfuniko. Acha dakika 25 hadi 30. Chomeka kijiti katikati, kikitoka kikavu ipua.

Kuhusu kuumega: ni jambo jema, na Matendo 2:46 inawataja waumini waliomega mkate nyumba kwa nyumba na kula kwa furaha. Ila mwambieni mtoto tofauti. Huu ni mkate wa upendo, si Ekaristi. Msitumie maneno ya padre au mchungaji ya kuweka wakfu. Shukuruni kwa maneno yenu wenyewe, kila mtu amege kipande na kumpa aliye kulia kwake, asijimegee mwenyewe. Kanuni hiyo ndogo ya kutojimegea inawafaa hata watoto wa miaka mitatu.

SWALI: Jumuiya yetu ina nyumba 14. Tukila pamoja kila mtu alete chakula, wasio nacho hawaji kabisa. Orodha ya michango inasomwa hadharani. (Mwenyekiti wa jumuiya)

JIBU: Ndugu mwenyekiti, orodha hiyo ifutwe. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa jambo hili hili, katika barua ya kwanza sura ya 11: kila mmoja anatangulia na chakula chake, mmoja ana njaa na mwingine amelewa, na wasio na kitu wanatahayarishwa. Alisema mkusanyiko wa namna hiyo si chakula cha Bwana. Ni maneno mazito, na yanatugusa mpaka leo.

Gawanya kazi, usigawanye vyakula peke yake. Chakula cha nyumba 14, tuseme watu 60, kinahitaji mchele kilo 7, mikeka sita, kuni au gunia la mkaa, maji ya kunywa lita 60 na ya kuoshea ndoo kumi, mtu wa kukuna nazi, wawili wa kuosha vyombo, mmoja wa kwenda kuwaita wazee. Pita nyumba hadi nyumba wiki mbili kabla, uliza kila nyumba inaweza nini, uandike kwenye daftari lako peke yako. Aliyeleta mkeka na aliyeleta mbuzi wawe na neno moja: ameleta. Vyakula vyote vipelekwe mlango wa nyuma, vimiminwe kwenye masinia ya pamoja, ili hotipoti ya mtu isikae mezani na jina lake. Pilau ya kilo 7 msiipike kwenye sufuria moja. Chini itaungua juu ikiwa mbichi. Pikeni mbili.

Matunda ni rahisi msimu huu, nanasi za Kiwangwa na maembe. Nanasi kubwa moja kwa watu sita.

SWALI: Sisi tuko sita, tuna kuku mmoja tu. Tualike mtu kweli? (Baba wa watoto wanne)

JIBU: Alikeni. Kuku wa kilo moja na robo hutoa vipande 12 mkikata mapaja mara mbili na kidari mara nne. Mpikeni mchuzi wa nazi na viazi kilo moja, si wa kukaanga, maana mchuzi ndio unaolisha wali. Kipande kimoja kwa mtu kwanza; vinavyobaki baadaye. Katika Luka 14 Yesu anataja wageni wa kualikwa kuwa ni wale wasioweza kurudisha mwaliko. Mmoja anatosha kwa nyumba yenu: mlinzi wa zamu, au kijana aliyepanga chumba na kwao ni mbali.

SWALI: Nikionja chakula jikoni kabla ya Misa, naruhusiwa kukomunika? (Mpishi wa nyumbani)

JIBU: Kwa Wakatoliki, mfungo ni saa moja kabla ya kupokea komunyo. Maji na dawa haviuvunji. Mgonjwa, mzee na anayemhudumia hawabanwi. Onja mapema, au mpe mwingine aonje chumvi.

SWALI: Baada ya kula watoto wanazurura. Kuna la kuwaonyesha? (Msomaji wa Mji Mkongwe)

JIBU: Watembezeni hadi Misheni kupitia njia ya miembe. Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walifungua misheni hii mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, na miongoni mwa wakazi wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Watoto wale walihitaji kula kila siku, kwa hiyo misheni ilikuwa na mashamba pamoja na kanisa na shule. Waonyesheni pia mnara ambapo mwili wa mmisionari David Livingstone ulilazwa Februari 1874, ulipoletwa na watumishi wake Susi na Chuma na wenzao. Kisha waulizeni: mtoto aliyetoka utumwani, Krismasi yake ya kwanza hapa, nani alimpakulia?

SWALI: Dada yetu alifiwa na mumewe mwezi wa kumi. Anasema Krismasi hataki kuja kwa mtu. Tumlazimishe? (Ndugu watatu, Bagamoyo)

JIBU: Poleni. Msimlazimishe, wala msimwache. Nyumba yenye kelele na nyimbo inaweza kumuumiza, na kiti cha mumewe kitaonekana kitupu mbele ya watu 20. Tarehe 24 mwulizeni siku ya Krismasi anapenda mfike kwake saa gani, kisha mfike saa hiyo hiyo. Waende wawili, si kundi.

Chakula kiwe kidogo na laini, kwa sababu msiba unakata hamu na sahani iliyojaa inamkatisha tamaa zaidi: wali robo ya sahani, changu wa nazi asiye na pilipili nyingi, chungwa lililomenywa tayari. Msikiache kwenye kontena mlangoni. Kaeni, kuleni naye mkono mmoja sinia moja. Msimwambie alie au asilie. Akitaja jina la marehemu, litajeni nanyi. Sala iwe fupi, na marehemu atajwe ndani yake.

Halafu rudini tarehe 26. Watu wengi huichukua siku hiyo kuwa ya kupumzika, lakini katika kalenda ya Kanisa ni sikukuu ya Mtakatifu Stefano. Someni naye Matendo 6:1–6. Stefano alikuwa mmoja wa wale saba waliochaguliwa kwa sababu wajane walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Pikeni kwake siku hiyo, jikoni kwake, kwa sufuria zake, na yeye aonje chumvi.